Mbegu, Vijiti na Makumi Mbili: Vifaa vya Kuchezea na Ufundishaji wa Namba kwa Watoto Wadogo Kisangani

Vifaa vya kuchezea ambavyo leo huonekana katika shule yoyote ya chekechea yenye uwezo, yaani vijiti vya rangi, shanga, vibao na kadi za picha, havikubuniwa kwa ajili ya watoto wepesi wa kuelewa. Vingi vilizaliwa katika vyumba walimokusanywa watoto ambao shule za kawaida zilikwisha kuwakataa. Baadaye ndipo vilipohamishiwa kwa watoto wengine, na asili yake ikasahauliwa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mji wa Kisangani, kwa sababu kimojawapo cha vyumba hivyo kilikuwa Brussels, makao makuu ya serikali iliyoitawala Kongo tangu 1908 hadi 1960. Kilichobuniwa huko kwa ajili ya mtoto mzito wa kujifunza kingeweza kumfikia mwenzake wa Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo. Swali la makala haya ni kwamba kilifika namna gani, na kikisema lugha gani. Hoja inayotetewa ni kwamba kifaa cha kuchezea hakifundishi namba peke yake. Hufundisha pamoja na neno linalotamkwa wakati mkono unapokigusa. Na Kiswahili cha Kisangani kina maneno ya namba yanayomfaa mtoto mwenye matatizo ya kujifunza kuliko yale yaliyoletwa pamoja na vifaa hivyo.

Historia yenyewe huanzia Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Jean Itard wa Paris alijaribu kumfundisha mvulana aliyekutwa akiishi peke yake katika misitu ya Aveyron. Mwanafunzi wake, Édouard Séguin, aliendeleza kazi hiyo, na 1846 akachapisha kitabu juu ya matibabu na malezi ya watoto ambao wakati huo waliitwa, bila haya, wapumbavu. Séguin alishikilia kwamba akili ya mtoto wa namna hiyo hufikiwa kwa kupitia mkono na jicho kabla ya sikio. Maria Montessori, daktari wa Roma, alizisoma kazi za wote wawili alipokuwa akiwahudumia watoto wenye upungufu wa akili miaka ya mwisho ya karne hiyo. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, na vifaa alivyovipeleka huko vilikuwa vimekwisha kujaribiwa kwa wale wa kwanza. Katika vifaa vya namba kimoja kinastahili kuelezwa. Ni sanduku lenye vyumba kumi, vilivyoandikwa sifuri hadi tisa, pamoja na vijiti 45. Mtoto hutia kila chumbani vijiti kwa kadiri ya tarakimu iliyoandikwa. Akizidisha mahali, vijiti vitamwishia kabla hajamaliza, akipunguza, vitabaki. Kosa huonekana bila ya mwalimu kusema neno, na kwa mtoto aliyezoea kukemewa hilo si jambo dogo.

Brussels ilikuwa na mtu wake. Ovide Decroly, daktari aliyezaliwa 1871 katika mji wa Ronse, alifungua 1901 taasisi ndogo ya elimu maalumu kwa ajili ya watoto aliowaita wasio wa kawaida. Waliishi pamoja naye na jamaa yake, wakala meza moja. Mwaka 1907 alianzisha shule nyingine kwa ajili ya watoto wa kawaida, akitumia humo yale aliyojifunza kwa wale wa kwanza. Mwaka 1914, yeye na mwalimu Eugénie Monchamp walitoa kitabu juu ya michezo ya kuelimisha, ambamo walieleza mfululizo mrefu wa kadi, visanduku na picha za kulinganisha. Mtoto huoanisha picha na picha, kisha picha na kitu, kisha wingi na wingi. Tarakimu huja mwishoni kabisa. Decroly hakupenda vifaa visivyofanana na maisha. Alitaka mtoto ahesabu matunda, vifungo, vijiko, vitu ambavyo nyumbani kwao vina kazi. Katika hili alitofautiana na Montessori, na pengine ndiye aliyekuwa karibu zaidi na hali ya mtoto wa Afrika, ingawa hakuwa akimfikiria.

Mkondo wa elimu ulipotoka Brussels kwenda Kongo ulikuwa mwembamba. Tangu mapatano ya 1906 baina ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani, shule ziliachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa misheni. Penye maporomoko ya Stanley, Padre Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli mwaka 1897. Shule za namna hiyo zililenga katekisimu, kusoma, kuandika na hesabu ya kumfaa karani, seremala au mwanakilimo. Shule za serikali zisizo za dini kwa ajili ya Waafrika zilifunguliwa tangu 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Katika mpango huo mtoto wa miaka minne alikuwa na nafasi finyu sana, na mtoto wa miaka minne aliyechelewa kuelewa hakuwa miongoni mwa waliolengwa. Wakati huohuo vitu vya Kongo vilikwenda Brussels kwa wepesi. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, kwenye ukingo wa Ziwa Edward, mfupa uliochanjwa alama kwa safu tatu, ambao umri wake hukadiriwa kuwa yapata miaka 20,000. Wengi huuhesabu miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa binadamu kuweka idadi. Mfupa huo umehifadhiwa Brussels hadi leo. Michezo ya Decroly haikusafiri kuelekea upande wa pili kwa kasi hiyo.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba Kisangani ilikuwa ikingoja kuletewa namba. Kiswahili kilifika katika maporomoko hayo pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani, kupitia Ujiji na Nyangwe. Stanley aliweka kituo hapo Desemba 1883. Kituo kiliteketea 1886. Na mwaka uliofuata Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikubali huko Unguja kuwa wali wa maporomoko hayo kwa niaba ya Mfalme Leopold. Misafara hiyo ilihesabu. Pembe zilipimwa kwa frasila, na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani, zilihesabiwa kwa kete na fundo: uzi mmoja wa shanga ni kete, na kete kumi hufanya fundo moja. Mtu aliyewahi kuziona shanga za Montessori, zilizotungwa kumi kumi katika waya ili mtoto aishike kumi kama kitu kimoja, atatambua kwamba fikra hiyo ilikuwa njiani kati ya Bagamoyo na Lualaba kabla Montessori hajazaliwa. Fundo hazikuwa vitu vya kuchezea, bila shaka. Zilinunua chakula, na zilinunua watu pia, na hakuna sababu ya kuipamba biashara hiyo. Lakini njia ya kufunga kumi na kulipa jina ilikwisha kuwamo katika lugha iliyobaki mjini baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kuwaondoa wakuu wa biashara hiyo.

Lugha iliyobaki iliitwa Kingwana, kwa kufuata jina la wangwana wa misafara. Wamisionari waliiandikia sarufi, na John Whitehead na mkewe walichapisha mwongozo wake huko Wayika, kando ya Lualaba, mwaka 1928. Kisangani imeendelea kukitumia Kiswahili sambamba na Kilingala kilichopanda na mto pamoja na askari na wafanyakazi wa meli. Nico Nassenstein, aliyekieleza Kiswahili cha mji huo katika kitabu cha 2015, anaonyesha lugha yenye sura nyingi, ambayo msemaji huinyoosha au huilegeza kulingana na anayesema naye. Kwa muda mrefu wataalamu wa pwani walizitazama sura hizo kama upungufu: upatanisho umepotea, maneno yamechakaa. Katika jambo la namba hukumu hiyo inahitaji kupitiwa upya.

Hebu zitazamwe namba zenyewe. Katika Kiswahili Sanifu moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, kama zilivyotoka huko ishirini, thelathini, arobaini na wenzake hadi tisini. Kongo mashariki husikika munane na kenda, na kenda si kosa, bali ni neno la kale ambalo pwani yenyewe ilikuwa nalo kabla ya tisa kulisukuma kando. Katika makumi, wasemaji wengi wa Kongo husema makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Pwani nayo haikukosa fikra hii, kwa maana mabaharia na wakulima waliokuwa wakihesabu siku tangu Nairuzi walizipanga kwa miongo, mwongo wa kwanza, mwongo wa pili, kila mmoja siku kumi. Ila katika kuhesabu kwa kawaida Sanifu ilichagua ishirini, neno ambalo sikioni halina mbili wala kumi ndani yake. Anayesikia makumi mbili anasikia hesabu yenyewe. Anayesikia ishirini anasikia jina la kukariri, na majina ya namna hiyo ni manane.

Kwa mtoto mwenye kumbukumbu nzuri tofauti hii ni ya wiki chache. Kwa mtoto ambaye hulisahau leo neno alilolijua jana ni tofauti kati ya kufika na kutofika. Kifaransa kinamdai zaidi. Kutoka kumi na moja hadi kumi na sita kina maneno sita ambayo mtoto hawezi kuyachambua. Uwazi huanzia kumi na saba tu. Kongo ilirithi kwa Wabelgiji septante na nonante, ambazo ni nafuu kubwa zikilinganishwa na desturi ya Paris ya kusema sitini na kumi, lakini nafuu hiyo huja mbali sana kwa mtoto wa chekechea. Kumi na moja ya Kiswahili, iwe ya pwani au ya Kisangani, iko wazi tangu hatua ya kwanza. Kevin Miller na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa 1995, waliwalinganisha watoto wadogo wa China na wa Marekani. Hadi kumi hawakutofautiana sana. Walianza kuachana katika kumi na kitu, mahali ambapo Kichina husema kumi-moja, kumi-mbili, na Kiingereza huleta majina mapya. Hao hawakuwa watoto wenye matatizo ya kujifunza. Kama lugha iliwachelewesha wao, yafaa kufikiri ingemfanyia nini aliyekwisha kuchelewa.

Kuna jambo la pili la kisarufi, ambalo linagusa moja kwa moja uchaguzi wa kifaa, na ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona kwa sababu msemaji mzima hulifanya bila kufikiri. Katika Kiswahili Sanifu namba moja hadi tano pamoja na nane hufuata ngeli ya kitu kinachohesabiwa. Mtoto akipewa vijiti, hesabu yake itakuwa kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, kisha sita, saba, vinane, tisa, kumi. Akipewa mawe itakuwa moja, mawili, matatu. Akihesabu wenzake, mmoja, wawili, watatu. Mtoto ambaye bado hajashika kwamba kila kitu hupata neno moja na kila neno kitu kimoja, analetewa neno ambalo hubadilisha sura kila kitu kinapobadilika, kisha kwa sita na saba linaacha kubadilika. Lakini vitu vya ngeli ya I-ZI havina usumbufu huo. Mbegu moja, mbegu mbili, mbegu tatu, mbegu nne, mbegu tano, mbegu nane: maneno ni yaleyale ambayo mtoto hukariri anapohesabu hewani. Shanga, kete, karanga na punje ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwa Sanifu angeanza na mbegu, na kuacha vijiti na mawe kwa miezi ya baadaye, wakati namba zimekwisha kutulia. Mwalimu wa Kisangani ana uhuru zaidi, kwa sababu katika mazungumzo ya mji wasemaji wengi huacha namba bila ya kiambishi hata kwa watu na vitu vya ngeli nyingine. Kile kilichoitwa upungufu kimemwondolea mtoto kikwazo kimoja.

Ubelgiji ilitoa kifaa kingine mashuhuri katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Georges Cuisenaire, mwalimu wa mji mdogo wa Thuin na mpenzi wa muziki, alichapisha 1952 maelezo ya vijiti vyake kumi vya mbao, vyenye urefu wa sentimita moja hadi kumi, kila urefu na rangi yake: cheupe ni moja, chekundu mbili, cha manjano tano, cha rangi ya chungwa kumi. Mwaka uliofuata Caleb Gattegno alikwenda kumwona, na ndiye aliyevitembeza duniani. Vijiti hivyo ni kitu kizuri, na vina uwezo mkubwa wa kuonyesha kwamba mbili na tatu hulingana na tano. Lakini kijiti cha tano hakina alama za kuhesabu. Utano wake umo katika urefu na rangi. Mtoto aliyekwisha kujua kuhesabu hufurahia kuachana na hesabu ya moja moja. Yule ambaye bado anatafuta kwa nini neno tano ni la vitu vitano huona kipande kimoja cha mbao kinachoitwa tano, na anaweza kuhitimisha kwamba tano ni jina la rangi ya manjano. Si ajabu kwamba kifaa kilichotungwa na mwalimu wa shule ya kawaida kina kasoro hii, na kwamba sanduku la Montessori, lililotoka kwa watoto wenye matatizo, halina.

Baada ya uhuru suala la lugha liligeuka mara kadhaa. Mwaka 1962 mpango mpya wa shule za msingi ulifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na chekechea chache zilizokuwapo zilivutwa upande huo, kwa kuwa mzazi aliyelipa ada alitaka mtoto atoke na Kifaransa. Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi na kupendekeza lugha za taifa zirudishwe katika miaka ya mwanzo. Kisangani ilikuwa na nafasi ya pekee katika miaka hiyo. Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kilichoanzishwa mjini hapo na Waprotestanti mwaka 1963, kiliunganishwa 1971 na vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kitivo cha Saikolojia na Sayansi za Elimu kikawekwa Kisangani. Hadi muungano huo ulipovunjwa 1981, mwanafunzi aliyetaka kusoma saikolojia ya mtoto katika chuo hicho alipaswa kuja kwenye mto huu. Humo walisomwa Decroly na Piaget, kwa Kifaransa, katika mji ambao watoto wake walicheza kwa Kiswahili na Kilingala.

Tofauti ya namba za kusema na namba za kushika iliongezwa na fedha. Katika vitabu vingi vya Ulaya sarafu ndicho kifaa cha kwanza cha kuchezea duka. Huko Zaire mfumuko wa bei ulizifuta sarafu. Kulikuwa na noti ya zaire 5,000,000. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa 3,000,000 za zamani. Na 1998 franka ya Kongo ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Mtoto aliyezaliwa miaka hiyo alisikia milioni kabla ya kusikia kumi. Hata sasa hakuna mtu anayebeba franka moja mfukoni, na bei sokoni mara nyingi hutajwa kwa Kifaransa, kwa mamia na maelfu. Hii ndiyo pingamizi yenye nguvu dhidi ya hoja ya makala haya: yaweza kusemwa kwamba namba za Kifaransa si ngeni kwa mtoto wa Kisangani, kwani anazisikia kila siku. Ni kweli anazisikia, lakini kama majina ya noti. Kati ya moja na ishirini, mahali ambapo hesabu hujengwa, soko halimpi kitu cha kushika.

Tafiti za miaka ya karibuni zimesaidia kuonyesha ni nini hasa katika mchezo kinachofundisha. Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha 2008 matokeo ya mchezo wa ubao mnyoofu wenye visanduku kumi, vilivyoandikwa moja hadi kumi, waliowachezesha watoto wadogo wa familia maskini za Marekani. Vipindi vinne vya takriban dakika 15, vilivyoenea katika wiki mbili, vilitosha kuinua kwa kiasi kikubwa uelewa wao wa ukubwa wa namba. Kundi jingine lilicheza ubao uleule wenye rangi badala ya namba, nalo halikuendelea. Mtoto alipaswa kutaja namba ya kila kisanduku alipokipita. Upande mwingine, David Uttal na wenzake walionya 1997 kwamba kifaa kinachopendeza mno huweza kuzuia: mtoto hukitazama kama kitu, akaacha kukitazama kama alama ya idadi. Yafuatayo kutoka hayo ni faraja kwa shule isiyo na fedha. Mbegu za mawese, vifuniko vya chupa na punje za mahindi, vitu ambavyo havina cha kustaajabisha, huenda vikafanya kazi vizuri kuliko wanasesere wa plastiki wa rangi saba. Na ubao wa visanduku kumi huchorwa kwa mkaa juu ya sakafu.

Wapo watakaouliza juu ya bao. Michezo ya jamii hiyo imeenea sana Kongo, kwa majina mengi, na Philip Townshend aliandika juu yake 1977 pamoja na ile ya Rwanda na Burundi. Kupanda kete moja moja katika kila shimo ndio uoanishaji wenyewe wa neno na kitu ambao Montessori na Decroly walikuwa wakiutafuta. Lakini bao lenyewe ni la mashindano na la kasi, na mchezaji hodari hahesabu, huona. Mtoto mzito akiwekwa mbele ya fundi atajifunza kushindwa tu. Kinachoweza kuchukuliwa ni sehemu ndogo: mashimo matano mchangani, mbegu tano mkononi, na kutaja kila moja inapoanguka. Mtoto asiyeona vizuri husikia mlio wake, na asiyeweza kutulia kitini anachuchumaa kwa ruhusa.

Ni nani hasa mtoto huyu anayezungumzwa? Kisangani jina moja hufunika hali nyingi. Yumo aliyepona malaria ya ubongo akabaki na kumbukumbu dhaifu. Yumo ambaye masikio yake yaliharibiwa na usaha usiotibiwa, akadhaniwa mkaidi. Katika nchi ya Uele, kaskazini mwa mji, ukosefu wa iodini ulijulikana kwa madaktari tangu ukoloni kwa rovu na kwa kudumaa kwa akili ulikowaletea watoto. Wamo waliokulia katika vita, na Kisangani haijasahau siku sita za Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mitaa yake na kuua raia kwa mamia. Na wapo, pengine wengi, ambao hawana ugonjwa wowote: wamefika shuleni wakisema lugha moja na kuulizwa kwa nyingine. Ladislav Košč alipoieleza diskalkulia mwaka 1974 alikuwa na hadhari ya kuitenganisha na kufundishwa vibaya. Mtoto wa Lubunga anayenyamaza akiulizwa kwa Kifaransa zipo mbegu ngapi hajaonyesha bado kama hajui idadi au hajui neno. Mwalimu aliye na mbegu mkononi anaweza kumwambia kwa Kiswahili, "Nipe ine," akasubiri. Akipewa nne amejua jambo ambalo mtihani wa kusema usingemwonyesha. Na mtoto ameepuka kuandikwa katika orodha ambayo ni vigumu kutoka.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya nne zilizotajwa katika Katiba ya 2006. Elimu ya bure iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 ilihusu shule za msingi. Chekechea zimebaki kwa kiasi kikubwa kuwa za makanisa na watu binafsi, na za mijini. Watoto wengi hukutana na namba za shule kwa mara ya kwanza katika darasa la kwanza lililojaa, bila ya kifaa cha kushika. Palipo na kitabu cha Kiswahili, mara nyingi ni cha Sanifu, nacho kina ishirini.

Katika hali hiyo mpangilio wa hatua una umuhimu kuliko ubora wa kifaa. Mbegu hutobolewa kwa sindano na kutungwa kumi kumi katika uzi, kila uzi ukafungwa fundo. Mtoto hushika nyuzi mbili na kusema makumi mbili. Akiongezewa mbegu tatu zilizo peke yake, husema makumi mbili na tatu, na kila neno lina kitu chake mkononi. Hapo hahitaji bado kujua kwamba Sanifu ina jina jingine. Akishazizoea nyuzi ndipo huambiwa kwamba hizi mbili pamoja, kwenye kitabu, huitwa ishirini, na baada ya hapo kwamba katika Kifaransa ni vingt. Mpangilio unaofuatwa kwa kawaida huanza na hilo la mwisho.